Picha ya Meza ya Wifi Silvana

Wifi yangu Silvana hakuwa mtu wa picha. Katika nyumba yake pale Katandala zilikuwapo picha mbili tu ukutani, ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na ya harusi yake na kaka yangu Eustace, ambayo maji ya paa yalikuwa yameila upande wa bwana harusi. Hizo zilimtosha. Ukitaka kumsikia akisifu uzuri, umpelekee samaki mgebuka aliyekaushwa vizuri, asiyenuka wala kuvunjika mkia, hapo atamgeuza mkononi na kumsifu mpaka uchoke.

Tumezaliwa wote Mwazye. Tulilima naye ntumba tungali wasichana, yale matuta ya kufukia majani yaoze kabla ya kupanda, na tangu hapo nilijua huyu hana mchezo. Akishainama hanyooki mpaka mstari uishe, na wewe uliyenyooka kupumzika atakutazama tu, hasemi neno, nawe utainama. Kaka yangu alimpendea hilo. Walipooana walihamia Sumbawanga mjini, Eustace akafanya uashi, Silvana akauza sokoni migebuka wanaopandishwa kutoka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Hata kwenye jumuiya alikuja na ungo wa kunde, akawa anachambua huku tunasali rozari.

Mtoto walipata mmoja, Yusto. Wengine walitoka kabla ya wakati, na Silvana hakupenda watajwe. Yusto mwenyewe alikuwa wa kuugua ugua, kifua kinabana kila upepo wa Juni ukianza, na mama yake alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inampiga mapajani. Wanawake wa sokoni walimcheka. Nami nilimtania, nikamwambia, wifi, huyu utampeleka kipaimara ukiwa umembeba. Alipika naye mgongoni, akauza samaki naye mgongoni, na kitoto kimya kabisa, macho wazi, kinatazama.

Eustace alifariki Yusto akiwa darasa la kwanza. Alituachia meza aliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye kazi za watu, na mguu wake mmoja ni mfupi hadi leo. Kwenye meza hiyo ndipo tulipoishi. Mimi nilihamia kwao baada ya ndoa yangu kunishinda, na kwa miaka mingi tulikuwa watatu: wifi, mtoto na mimi.

Yusto alipokua akawa mchoraji. Nilipinga. Nilisema kuchora ni mchezo wa watoto, mtu mzima ajifunze ufundi umeme. Silvana hakupinga wala hakuunga mkono, alimwambia tu aende akasome anachotaka mradi asije akarudi analaumu. Akaenda Dar es Salaam, akasoma, akarudi na ndevu na sanduku la brashi, akawa anaandika mabango ya maduka hapa mjini pamoja na rafiki yake Edwin. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitu anachokichora kwenye ubao wa plaiwudi, akitufukuza tukisogea.

Akakileta ndani Jumapili moja baada ya misa, kimefunikwa shuka. Akakiegemeza ukutani, akalivuta shuka.

Vyombo tulivitambua mara moja, maana vilikuwa vyetu. Birika la chai, kikombe cha bati chenye ukingo wa kijani, kisu, sahani yenye mgebuka, kopo la chumvi, vyote juu ya meza ya Eustace. Lakini vilikuwa vimekatwakatwa. Birika lilikuwa vipande vitatu visivyokutana. Kikombe kilionyesha mdomo wake wa mviringo, kama unakichungulia kutoka juu, na papo hapo kikaonyesha ubavu wake, kama umekaa nacho sawa. Mgebuka alikuwa na macho mawili upande mmoja. Kisu kilikatika katikati ya mpini na kuendelea mahali pengine kabisa. Rangi zilikuwa za udongo na majivu. Na upande wa kushoto, chini, kilima cha kahawia kiliziba karibu robo ya meza, na juu ya kilima ulipita ukanda wa bluu wenye vidoti vyeupe. Mimi nilicheka. Nikamuuliza kama ubao umemwangukia njiani.

Silvana hakucheka, nami nilipomtazama nikaacha.

Katika ukoo wetu mtu akizikwa, vyombo alivyotumia huwekwa juu ya kaburi lake. Haviwekwi vizima. Kikombe hutobolewa, sahani hupasuliwa, birika hukanyagwa. Wengine husema ni kuwakomoa wezi, wengine husema mfu hawezi kushika chombo kizima. Makaburini Mwazye, tangu tukiwa watoto, tuliona rundo la vyombo vya mtu vimepasuka hivyo, tukajua hapa kalala mama fulani. Sasa Silvana alikuwa amesimama mbele ya birika lake, sahani yake na kisu chake, vimepasuliwa vyote, na aliyevipasua ni mwanawe.

“Yusto,” alisema, “umenizika ningali hai.”

Yusto alidhani ni utani. Alipomwona uso wake akaanza kueleza haraka haraka. “Hapana, mama. Hii ni meza yetu. Na wewe nimekuchora humo.”

Hakuna neno baya zaidi ambalo angeweza kulisema siku ile, maskini, na alilisema kwa mapenzi.

“Liondoe kaburi lako nyumbani kwangu,” Silvana alimwambia. “Uondoke nalo na wewe.”

Ulimi hauna mfupa. Yusto alichukua ubao akaupeleka stoo, akauegemeza nyuma ya magunia ya mahindi. Wiki hiyo hiyo akaenda Kasanga, ambako wenye maboti walikuwa wamemwita awaandikie majina. Mama yake alikuwa sokoni alipoondoka, naye hakupita sokoni.

Alinipigia mimi simu. Nilimgombeza kwanza, kisha nikamweleza habari ya vyombo vya makaburini, kwa sababu nilitambua kwamba mtoto wa mjini hakuwa ameyafikiria hayo kabisa. Kisha akasema, “Shangazi, mwambie asiitupe. Nikirudi nitamwonyesha alipo.” Nilimfikishia mama yake salamu hiyo. Alikuwa anapanga samaki, akaendelea kupanga, lakini jioni nilimkuta stoo amesogeza gunia moja ili lisiukwaruze ubao. Nikajua hasira imekwisha na anasubiri mtoto aje amwombe radhi, au yeye amwombe, vyovyote vile.

Yusto alivuka ziwa kwenda upande wa Kongo, kuna mtu alimwita akaandike boti zake. Wakati wa kurudi alipanda boti ya mizigo, ikakutana na upepo. Wengine waliokolewa. Wengine walipatikana baadaye ufukweni. Yusto hakupatikana. Tulikaa Kasanga kwenye mchanga, Silvana na mimi, tukipikiwa na familia ya Kiislamu ambayo hatukuijua kabla na ambayo Mungu aibariki, mpaka wavuvi wenyewe wakaja kutueleza. Walitueleza kwa heshima na hawakutudanganya. Walisema Ziwa Tanganyika lina kina kirefu, na likimchukua mtu kule katikati, mara nyingi halimrudishi.

Tuliporudi nyumbani watu walikuja na mikeka, kama ilivyo desturi. Silvana akawarudisha mlangoni. Aliwashukuru, akawaambia hapa hakuna msiba. Kisha akaingia stoo, akautoa ule ubao, akaupangusa kwa upindo wa kanga, akaniambia nishike upande mmoja. Tukautundika ukutani mkabala na meza, pembeni ya Moyo Mtakatifu.

“Siwezi kumzika,” alisema. “Amesema atanionyesha nilipo. Hajanionyesha.”

Ndiyo habari yenyewe, na nimeieleza mapema ili ieleweke kwa nini mwanamke asiyejali picha aliikalia picha moja miaka yote ile. Alitaka vitu viwili. Alitaka ayafute maneno yake mbele ya mwanawe, na alitaka ajue mwanawe alimweka wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, nilimwambia hivyo siku moja, akanijibu kwamba yeye hataki kuyazoa, anataka tu kuona yalikomwagikia.

Edwin ndiye aliyetufundisha kutazama. Alikuja kutupa pole, akaiona picha, akasimama mbele yake akilia bila aibu. Halafu akatueleza. Alisema ni mtindo wa zamani huko Ulaya, ukubisti, jina ambalo nimelazimika kumuuliza tena ili niliseme hapa. Alisema mchoraji wa namna hii hakai mahali pamoja. Anaizunguka meza, anachukua kila kitu kama kinavyoonekana kutoka huku na kule, kisha anaviweka vyote pamoja. “Mama, hivi havijavunjika,” alisema. “Vimetazamwa na watu wengi kwa mara moja.”

Silvana alinyanyuka. Akaenda kusimama mlangoni, akaitazama meza yenyewe, akaitazama picha. Kikombe kilichoonekana mdomo wake kutoka juu kilikuwa sawasawa na kikombe kinavyoonekana ukiwa umesimama pale. Na aliyekunywa chai amesimama pale katika nyumba hii alikuwa mmoja tu, Eustace, aliyekuwa kila siku anawahi kazini na kofia mkononi. Silvana aliweka mkono mdomoni. Nami nikakimbilia kiti changu, na kweli, mpini wa kisu ulikuwa kama ninavyouona mimi nikimenya viazi, na makali yake kama anavyoyaona mtu aliyekaa mbele yangu. Nilikuwamo. Mimi niliyecheka nilikuwamo, na kaka yangu marehemu alikuwamo.

Tulitafuta alipo Silvana. Tulikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, tukatazama. Hakuna kipande kilicholingana. Edwin alijaribu upande wa dirisha, akajaribu kupiga magoti, akakiri kwamba haoni. Kilima alisema ni Milima ya Mbizi, na ukanda ule wa bluu ni anga. Mimi nilisema anga gani yenye vidoti, hiyo ni mvua ya mawe inakuja juu ya Mbizi. Tulibishana hivyo, Silvana amekaa anatutazama kama watu tunaotafuta ufunguo wake na tunachelewa.

Ikawa ndiyo kazi yake. Akitoka sokoni ananawa harufu ya samaki, anakaa mbele ya picha. Aliijua kuliko Edwin. Ni yeye aliyegundua kwamba kopo la chumvi ndilo chombo pekee kisichokatwa, limekaa zima katikati, na akanieleza kwa nini: wote tulinyoosha mkono kulichukua, kwa hiyo halikuwa la upande wa mtu. Ni yeye aliyeona kwamba kijivu cha ukutani ni kile cha asubuhi za Julai, kabla ukungu haujaondoka, na akasema ameipenda rangi hiyo, neno ambalo sikuwahi kumsikia akilisema juu ya rangi. Aliwafundisha hata wageni. Mtu akiingia akasema vyombo vimevunjika, atamwinua na kumsimamisha mlangoni mpaka aone. Nilikuwa nafurahi kumwona hivyo, kisha naumia, kwa sababu kila alichokipata kilikuwa cha mtu mwingine. Eustace yumo, wifi yumo, na yeye hayumo. Alianza kusema labda Yusto alimfuta. Labda alimfuta usiku ule ule, kabla ya kwenda Kasanga.

Akakonda. Sokoni akawa anasahau kumwita mteja. Kikombe cha ukingo wa kijani, alichokuwa akinywea Yusto, alikiosha kila asubuhi, akakirudisha mezani mahali pake.

Kisha akaja kaka yangu mkubwa, Isdori, kutoka Mwazye. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na ni mtu mgumu, sitaki kumpamba. Miaka yote alikuwa akituma ujumbe kwamba msiba ufungwe, nguo za mtoto zizikwe, na sisi tukimpuuza. Safari hii alikuja mwenyewe, miguu imevimba, anapumua kwa shida. Silvana alipiga goti kumwamkia. Isdori hakufoka kama nilivyotegemea. Aliitazama ile picha muda mrefu, akainamisha kichwa.

“Shemeji,” alisema, “mimi nakwenda, hata daktari hanifichi. Huko nikimkuta Eustace akaniuliza mwanawe kalala wapi, nitamjibu nini?”

Silvana alitazama mlangoni, pale anaposimama Eustace katika picha. Nilimwona anashindwa, mbele ya macho yangu, na kwa mara ya kwanza nilitamani Isdori angefoka, kwa maana wifi yangu angejua namna ya kupigana naye. Akasema, basi, nguo zizikwe.

Tulifungua sanduku la bati. Tulitoa shati, suruali, sweta ya shule ya msingi, brashi zilizokauka. Chini kabisa Silvana akakuta mbeleko aliyombebea Yusto. Sikujua kwamba bado anayo. Ilikuwa imepauka mpaka imekuwa nyepesi, rangi yake imebaki kwenye mikunjo tu. Hakuifungua. Aliinusa, akasema inanuka sanduku, akaiweka pamoja na nguo nyingine.

Tulizika Mwazye, kando ya Eustace. Katekista alisali, upepo ukichukua nusu ya maneno. Nguo zilikuwa ndani ya boksi, na boksi likionekana dogo mno ndani ya shimo lile. Silvana aliomba kushuka. Wanaume walitazamana, Isdori akatikisa kichwa kukubali. Akashuka, akaikunjua mbeleko, akaitandika chini ya boksi, mtoto asilalie udongo. Vidoti vyeupe vikaonekana kidogo kwenye bluu ile iliyokwisha, kisha boksi likawekwa juu yake. Mimi niliona, lakini nilikuwa nalia na sikufikiri kitu. Walipomaliza kufukia, Isdori akakitoboa kikombe cha Yusto kwa msumari, akakiweka juu. Silvana hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuza kitu chake cha mwisho.

Siku ya pili mchana tukarudi Sumbawanga. Aliingia ndani kabla yangu. Niliposhusha mizigo na kumfuata nilimkuta amesimama katikati ya chumba, bado na vumbi la safari. Meza ilikuwa tupu mahali pa kikombe. Macho yake yalikuwa kwenye picha, kule chini kushoto.

“Wifi,” alisema. “Vile vidoti.”

Nilidhani anarudia ule ubishi wetu wa mvua ya mawe. Nikataka kumwambia akae, apumzike. Lakini alivuta gauni pembeni, akaliacha wazi bega lake la kushoto, la kahawia, la mviringo, lililoinama kwa mizigo ya samaki. Akapitisha kiganja juu yake, kutoka nyuma kuja mbele, polepole, kufuata njia inayopita kitambaa mtu akifunga mtoto.

Nami nikasogea hadi kwenye picha, nikaona. Haikuwa Mbizi. Kile kilima kilikuwa bega, na ule ukanda ulikuwa mbeleko imepita juu yake, na meza yote, birika na kikombe na samaki na chumvi, ilikuwa ng'ambo ya bega hilo, kama inavyoonekana na mtoto aliye mgongoni, asiyelala, anayetazama. Kila tulichokiona kutoka mlangoni na kutoka kwenye kiti changu, Yusto alikichungulia kwanza kutoka pale. Ndiyo maana hatukumpata Silvana tulipozunguka meza. Alikuwa amembeba anayetazama.

“Mimi huyu,” alisema. “Bega langu. Wifi, nilimfukuza na alikuwa mgongoni.”

Maneno ya faraja ninayo mengi, nimewaambia wengi waliofiwa, na hakuna hata moja lililokuja. Aliyepaswa kuyasikia maneno ya Silvana alikuwa chini ya ziwa. Mbeleko tulikuwa tumeifukia jana kwa mikono yetu.

Akaipa picha mgongo. Akainama taratibu, kama anavyoinama mama anayesubiri kupandishiwa mtoto, mikono yote miwili akaipeleka nyuma, viganja vimekunjuka. Akakaa hivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, pale pale anaposimama mtu wa kumpandishia, na sikuwa na cha kumpa.